Jaruba la Dada

Nilimwambia fundi asogee. Ni kijana wa Mwanza, mpole, ana cheti, na tangu asubuhi alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi langu la kioo akipanda mimea majini kwa kibano kirefu kama cha daktari, na kila alichopanda kilikaa vibaya. Mimi sikusoma. Niliishia darasa la tatu na hata hilo sikulimaliza. Lakini gesti hii ya hapa Bariadi ni yangu, mashine ya kukoboa mpunga iliyo nyuma yake ni yangu, na tangi ni langu. Siwezi kukaa kwenye kiti changu nikaangalia mtu anaharibu maji yangu.

Wazo lilikuwa la mwanangu wa mwisho. Alisema hawa maofisa wanaohamishiwa huku siku hizi wanapenda kuona kitu pale mapokezini. Akanionyesha picha kwenye simu: tangi la samaki la mtindo wa Kiholanzi. Halina jiwe, halina gogo, samaki wenyewe wachache, mimea ndiyo kila kitu. Fundi alipokuja alinieleza sheria zake kwa adabu, akiniita mayu, kama kwetu tunavyomwita mwanamke yeyote mtu mzima. Mifupi mbele, mirefu nyuma. Kila aina kundi lake. Rangi isikae jirani na rangi yake. Mwekundu uegemee kijani, jani pana liegemee jani jembamba. Unaozidi kimo unakatwa. Nikamwambia sheria nimezielewa, tatizo ni mkono wako. Alikuwa anapanda mistari iliyonyooka kama gwaride. Kitu kilichoota chenyewe hakinyooki.

Halafu akafungua gazeti lililolowa, akatoa mmea mwekundu, akaushika kwa ncha za vidole kama kifaranga. Huu ndio wenyewe, akasema, huu umetoka nje ya nchi. Nikautazama. Shina jekundu, vijani vyembamba vilivyojikunja kama kishungi cha jogoo.

"Hilo ni gugu," nikamwambia. "Hilo nimechapiwa fimbo kabla baba yako hajazaliwa."

Akacheka, akidhani namtania. "Mayu, hili limekuzwa maabara."

"Nipe kibano."

Nikapanda upande wote wa kushoto mwenyewe. Matatu hapa, moja pale, matano kule ndani, nikayalaza kidogo kufuata maji yanakokwenda. Fundi akarudi nyuma kutazama. Baadaye akauliza nimejifunzia wapi. Nikamjibu, shambani. Ni kweli, lakini ni robo ya ukweli. Wewe uliyekulia mashambani kama mimi nitakupa yote, maana mimi na wewe tumeshazeeka, hakuna aliyebaki wa kutuchapa.

Bibi mzaa baba ndiye aliyenilea. Mama yangu alikufa na baba akaoa kwingine. Nyumbani kwa bibi tulikuwa wawili, mimi na dada, mtoto wa baba mkubwa, aliyenizidi kama mwaka na nusu. Wazazi wake walihama na ng'ombe kwenda kusini kutafuta malisho, wakasema wakifika watamfuata. Hawakumfuata.

Unaikumbuka mbuga, lile bonde la mpunga, wakati wa masika. Tope jeusi linavuta mguu kama halitaki kuurudisha. Maji ya asubuhi baridi, vyura wanapiga kelele mpaka unashindwa kusikia anayekuita, na ile harufu ya udongo uliooza vizuri. Tuliingia kwenye majaruba, vile vitalu vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, jua likichomoza, tukiwa tumeinama, tunang'oa magugu katikati ya mpunga na kuyatupa juu ya tuta. Mchana tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Karanga zilipokwisha tulikula michembe mitupu. Michembe ilipokaribia kwisha bibi alitupa uji, akipima kwa jicho, na jicho lake halikuwa na huruma. Miezi ya kupalilia ndiyo miezi ya njaa, hilo wasomi wanaliandika vitabuni, sisi tulilijua kwa tumbo.

Bibi hakuwa mtu wa kupiga sana. Alikuwa na adhabu mbaya kuliko fimbo. Akipita nyuma yako akakuta umeruka gugu, alilisuka pamoja na mengine likawa shada, anakuvisha shingoni, unakwenda nalo mpaka kisimani mbele ya watu. Watoto wa jirani walikuwa na wimbo wao kabisa. "Bibi harusi, bwana yuko wapi? Bwana ni ndago, kalala topeni." Shada la kishungi, lile gugu jekundu, ndilo lililoaibisha zaidi, kwa sababu jekundu linaonekana tangu mbali. "Shamba halidanganyi," bibi alikuwa anasema. Alilisema kila siku, kwa sauti ileile.

Dada hakuvaa shada hata mara moja. Alikuwa na mkono mwepesi, anang'oa na kuimba, mizizi inatoka yote. Mimi nilikuwa naogopa ruba. Wakininasa mguuni nilisimama palepale nikilia, na yeye ndiye aliyekuja kuwabandua kwa tumbaku aliyoiiba kwa bibi. Nilipougua homa alipalilia sehemu yake na yangu, akamwambia bibi nimepalilia mimi. Nakwambia haya ili ujue nilimfanyia nani.

Mwaka huo kihenge kilikwisha mapema. Bibi akatuita, akasema kuna karani wa kiwanda cha kuchambulia pamba Maswa anatafuta msichana wa kazi. Nyumba ile tuliijua. Binti wa jirani alikuwa ametoka huko na mkono uliomwagiwa uji wa moto, ngozi imejikunja kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Alikuwa anapita kwetu kila siku na ule mkono. Bibi aliuona kama tulivyouona.

"Mmoja atabaki, mmoja atakwenda," akasema. "Sichagui mimi. Shamba litachagua."

Kila mmoja akapewa jaruba lake. Jumamosi asubuhi angepita kukagua, na mwenye jaruba chafu angefunga nguo zake.

Mpaka Alhamisi nilikuwa nimeshajua nani atakwenda. La dada lilikuwa limekwisha, na yeye amekaa juu ya tuta anakunja kamba. Langu lilikuwa nusu. Akanifuata akasema, "Nikusaidie?" Nikamwambia usiniguse. Nilidhani ananicheka. Hakuwa ananicheka.

Ijumaa mchana bibi alimtuma kuni. Nikabaki peke yangu na matuta, na hapo nikapata akili. Tangu siku ile sijawahi kupata akili kubwa kuliko hiyo, na nimefanya biashara miaka mingi. Sikuyang'oa magugu yangu kwa kuvuta. Niliyachota na tope lake kama unavyochota mche, nikayahamishia jaruba la dada. Kazi moja, faida mbili.

Lakini nilichagua. Mpunga pori niliuacha, kwa sababu hata mkubwa anaukosea, bibi angemsamehe. Ndago nilichukua, maana ukiizamisha kwa kidole inasimama saa ileile, hainyauki. Kishungi nilikichukua kingi, kwa kuwa macho ya bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu na jekundu linaliita hata jicho bovu. Mafupi nikayaweka karibu na tuta, marefu ndani kwenye mlango wa maji. Kishungi sikukikalisha karibu na kishungi. Nilikiegemeza kwenye kijani kibichi ili kiwake. Sikufuata mstari. Nilirudi kinyumenyume nikifuta nyayo kwa kiganja. Jioni mvua ikanyesha, ikafuta zilizobaki.

Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia padri. Nilisimama juu ya tuta nikatazama, na nikaona pazuri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanga kitu kwa mikono kikakaa kama nilivyotaka.

Jumamosi bibi akaanza na langu. Akaitikia kwa kichwa, akapita. Akafika la dada, akasimama. Dada naye akaona. Sijapata kuona uso unafanya vile. Akasema, "Bibi, niling'oa. Niling'oa yote." Akaingia majini, akayagusa moja moja kama mtu anayehesabu maiti. Kisha sauti ikashuka. "Labda sikuangalia vizuri."

Bibi akang'oa kishungi kimoja. Akakiosha mizizi majini, polepole, akakiinua karibu na macho. Gugu lililoota mahali pake mizizi yake inashuka na kutawanyika. La kupandikizwa mizizi imekunjwa kwa kidole gumba. Akakitazama. Kisha akatazama mikono yangu. Nikaificha nyuma.

Akasuka shada. Akamvisha dada, akasema, "Kafunge nguo zako."

Dada alikwenda barabarani kusubiri lori la pamba akiwa na lile shada, kwa sababu hakuna aliyemwambia alivue. Watoto wa jirani wakamsindikiza na wimbo. Na mimi niliimba. Kama ningenyamaza wangejiuliza kwa nini.

Usiku ule tulipokula, bibi alinimegea kichwa cha perege, sehemu yake yeye. Akaniangalia nikitafuna. "Wewe hutakufa njaa," akasema.

Na kweli sikufa. Nilianza na kuuza mchele kwa kibaba, nikanunua mashine, nikajenga. Watu wa mji huu wanasema nina mkono wa baraka. Dada alikaa Maswa miaka mingi, akaja kuolewa Kiloleli, akazaa watoto sita. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunyooka tena. Sikumuuliza, na yeye hakunisimulia.

Alikuwa ananitembelea kila baada ya mavuno, amebeba dagaa na maneno mengi. Watoto wangu walimpenda mama yao mkubwa kuliko walivyonipenda mimi. Aliwakalisha chini akawaambia, "Mimi nilikuwa mvivu, jamani. Bibi yetu alinitoa nyumbani kwa uvivu wangu. Mama yenu huyu ndiye alikuwa mchapakazi, mfuateni yeye." Wanawe mwenyewe aliwachapa wakiacha gugu moja shambani, akilia yeye kuliko wao, akiwaambia hataki wafanane naye. Nilikuwa nasikia yote hayo. Nilikuwa nampelekea soda nyingine.

Tulimzika kabla ya mvua hizi. Ndugu wakasema, mayu, wewe ndiye uliyebaki wa utoto wake, simama useme neno. Nikasimama. Neno nilikuwa nalo, lilikuwa limekaa hapa kooni tangu nikiwa mtoto. Nikasema marehemu alikuwa mwema, alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, ila utotoni, kwenye kupalilia, alikuwa mvivu kidogo. Watu wakacheka kile kicheko cha mapenzi kinachokuja msibani. Wanawe walicheka kuliko wote, huku wanafuta machozi.

Mbuga ile sasa ina barabara na viwanja. Nyumba ya bibi ni kichuguu. Walio na majaruba bado, wanapuliza dawa, gugu linakufa limesimama na mtoto hajui hata jina lake. Wale walioimba nyuma ya dada wamekwisha, mmoja baada ya mwingine, na bibi aliyeona mizizi alikwisha zamani. Aliyeliona jaruba lile Alhamisi, kabla sijaliingia, nimebaki mimi tu.

Lilikuwa safi. Maji yametulia katikati ya mpunga, konokono unamwona anatembea chini.