Mwanangu Anataka Niseme Daftari Halikuwa na Sheria ya Msiba

Admin, jina langu lifiche, ila Same usiifiche. Nataka Wapare wenzangu wanisikie.

Mimi ni mama wa miaka 58, mjane. Najua humu mmezoea visa vya waume na michepuko. Changu ni cha programu ya kompyuta, na aliyenichoma ni binti yangu wa kumzaa, wa pekee, tumwite Neema.

Miaka ile ya soko huria, mashirika ya umma yakifa moja baada ya jingine, nami nilipunguzwa kazi ya uchapaji. Nikarudi nyumbani na cheti cha kompyuta, watu wakanicheka, eti kompyuta hailimi. Chama chetu cha wamwagiliaji wa mpunga, huku tambarare chini ya milima, kilikuwa na kompyuta moja ya msaada, imefunikwa kitambaa haiguswi. Nikajifundisha, nikaandika programu ya kupanga zamu za maji. Skrini moja ilikuonyesha mfereji mzima, shamba la juu hadi la mwisho, nani anafungua maji lini. Karani alibonyeza kibodi tu. Imefanya kazi miaka yote hiyo.

Mwaka jana kompyuta mpya zikagoma kuifungua. Chama kikanipa mimi na Neema, aliyesomea mambo hayo chuoni, kazi ya kuifanya ya kisasa. Kubwa lilikuwa kuchagua fremuweki, yaani zana ya kujengea sura ya programu: madirisha, vitufe, menyu. Zilikuwa mbili mezani. Moja ingebakiza programu ndani ya kompyuta ya ofisini, hesabu zangu zisiguswe, tubadilishe sura tu, na ingefanya kazi hata mtandao ukikatika. Nyingine ilitaka tuandike kila kitu upya kifunguke kwenye simu. Inapendeza macho, lakini kwa kioo kidogo cha simu karani angeona mkulima mmoja mmoja.

Tulijadili jikoni tukila makande. Nikamwambia, "Karani akimsogeza mtu mmoja, lazima aone wa chini yake wanaumiaje."

Akasema, "Nimekuelewa mama. Tunaenda na ya kwanza."

Nikamkabidhi daftari langu lenye sheria zote za zamu.

Siku ya mkutano akasimama mbele ya kamati akapendekeza ya pili. Nikadhani nimesikia vibaya. Kisha akawasha video. Ilikuwa ni mimi, nyumbani kwangu, miwani puani, natafuta kitufe kwa kidole kimoja. Alinirekodi bila kuniambia, wiki niliyokuwa nauguza mkono. Akasema, "Wazee wangu, programu yetu ya sasa ndiyo hii." Kamati nzima ikacheka. Mwenyekiti, ninayempa shikamoo tangu nikiwa msichana, alicheka hadi akafuta machozi. Kikulacho ki nguoni mwako, msemo huo nilikuwa nausema tu siku zote. Nilitoka nje nikasimama juani, sikujua niende wapi.

Sasa sikilizeni. Huku kwetu mwenye msiba haombi maji. Jirani anapeleka taarifa, karani anabonyeza kitufe kimoja, zamu inasogezwa na maji yanamngoja mtu amalize matanga. Kamati ilipitisha ile ya simu, na Neema akaweka kwamba mwenye zamu athibitishe mwenyewe kwa simu. Mwezi uliopita mama mmoja akafiwa na mume. Nani anashika simu siku hiyo? Mfumo ukamhesabu amekataa, maji yakapelekwa kwingine, zamu iliyofuata vilevile. Mpunga wake ulikuwa ndiyo unatoa masuke. Umekauka wote.

Kamati imewaka. Wiki hii inakaa kuamua kama Neema afukuzwe, na imeniita niseme kama aliijua ile sheria. Juzi akaja. Habari ya video hakuigusa. Alikaa palepale jikoni akasema, "Mama, waambie daftari halikuwa na msiba. Wewe umeshazeeka, watakufanya nini? Mimi ndiyo naanza maisha."

Nikamuuliza, "Ulilisoma?"

Akainamisha kichwa. "Nililisoma. Niliona ni mambo ya zamani."

Daftari amelirudisha, liko kabatini. Sheria ya msiba iko ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wangu. Niliiweka kwenye programu baada ya baba yake kufariki, yeye akiwa darasa la pili. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, sina habari ya shamba, na majirani wakatushikia maji hadi tulipomaliza matanga. Mpunga ule ndio tuliokula mwaka mzima, mimi na yeye.

Ni mwanangu, nampenda, na hasira yangu haijaisha. Yule mjane naye atakuwepo mkutanoni, na nimeambiwa atakaa kiti cha mbele. Ninyi mliozaa, niambieni: niende na daftari, au niliache kabatini?