Sanduku Lililorudi Bila Mama

Kwetu Kanyangi hakuna anayejichotea mbegu. Mvua ya Novemba ikikaribia, mama hufungua kitete chake, kile kibuyu anachohifadhia ndengu zilizochanganywa na majivu, anasimama mlangoni, na kila atakayepanda anakinga viganja amiminiwe. Hata baba, enzi za uhai wake, alipanga foleni na sisi watoto, na akizidisha utani alimiminiwa kidogo. Kitete hicho hakiguswi na mkono mwingine. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo, sanduku ninalotaka kulieleza litakuwa sanduku tu.

Dada yangu alijifungua ng'ambo, katika mji wa baridi ambao siwezi kuutamka vizuri mpaka leo, na hakuwa na mtu. Kwetu binti akizaa, mama yake ndiye humkorogea uji na kumkanda mgongo, na umbali si sababu ya kukataa. Dada akakata tiketi mbili tofauti, moja ya kufika uwanja wa ndege wa katikati huko Uarabuni na nyingine ya kutoka hapo, kwa kuwa hivyo ilikuwa nafuu. Mama akaniahidi atarudi kabla ya mvua. Mimi ndiye kitindamimba, sijaoa, na katika boma lile tulikuwa tumebaki sisi wawili. Nilisema ni sawa. Haikuwa sawa hata kidogo.

Mama hakuogopa ndege. Alichoogopa ni kutenganishwa na mzigo. Zamani alipokuwa akitoka Mombasa kwenye matanga, basi lilisimama kituo cha Salama, akashuka kununua ndizi, na basi likaondoka na gunia lake la nazi. Tangu siku hiyo sheria yake ni moja: ukishuka, mzigo unashuka na wewe. Tumelelewa hivyo. Mpaka leo nikisafiri, gari likisimama tu, mkono wangu unatafuta begi kabla sijajua nimefika wapi. Kwa hiyo nilipomweleza kwamba sanduku litahama kutoka ndege moja hadi nyingine bila yeye kuliona, aliniangalia jinsi anavyoniangalia nikisema nimekula na sufuria iko safi.

Nikaamua tufanye mazoezi. Nina kibanda cha kutoa kopi na kuchapa barua pale Kwa Vonza, na madereva wengi wananijua. Asubuhi moja nikampa mmoja wao sanduku tupu alitangulize Kitui mjini, kisha mimi na mama tukapanda gari lililofuata. Njia nzima alichungulia magari yaliyotutangulia. Tulipofika, sanduku lilikuwa limesimama kando ya duka la mbolea, salama salimini.

"Umeona, Mwaitu?" nikamuuliza. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

"Nimeona. Lakini huyu dereva unamjua. Wa ndege unamjua?"

Tukanywa chai, tukarudi nyumbani na sanduku amelipakata.

Siku ya kufunga mizigo nilimkuta akizungushia kitete leso mbili na kukilaza katikati ya nguo.

"Hizo mbegu nazo zinaenda wapi?"

"Zinaenda na mimi. Nikiziacha hapa, wewe utaacha dumuzi wazimalize."

"Huko wanakagua mizigo. Mbegu watazitupa."

"Wacha wakague. Watakuta ni ndengu."

"Na utarudi nazo?"

"Kwani nani amekuambia sirudi?"

Alicheka, nami nikajilazimisha kucheka. Lakini mwanamke wa kwetu akibeba mbegu, amebeba shamba lote. Usiku huo wote nilikuwa nikijiambia kwamba anaogopa dumuzi tu, wale wadudu wa nafaka. Nilitaka sana liwe ni jambo la dumuzi.

Uwanjani Nairobi, askari wa mlangoni aliposikia Kikamba chetu na kuona mama hajui kusoma, aliniruhusu nimfikishe hadi kaunta. Msichana wa kaunta alikuwa mpole. Akasema tiketi ni mbili, ila anaweza kuunganisha mzigo uende moja kwa moja hadi mwisho, ama mama auchukue mwenyewe pale katikati na kuupeleka kwenye ndege ya pili. Tunataka gani?

Nilifungua mdomo kusema uende moja kwa moja. Dada alikuwa amenikaririsha hivyo kwa simu kama mtoto wa chekechea. Mama akanishika mkono.

"Nitauchukua mwenyewe," akasema. "Nikishuka, unashuka."

Kusema kweli nami niliona ana haki. Mzigo wako unauangalia kwa macho yako, na hakuna sauti ndani yangu iliyobisha. Msichana akafunga lebo kwenye mpini, sanduku likapita kwenye mkanda, likainama kidogo na kupotea nyuma ya mapazia ya mpira. Mama alibaki na kiondo chake tu. Alinipungia mkono mara moja, halafu akageuka haraka, kwa sababu yeye hapendi kuonekana akilia.

Ambacho sisi wawili hatukujua ni kwamba katika uwanja ule wa katikati, mahali pa kuchukulia mizigo pako ng'ambo ya maafisa wa uhamiaji, na bila viza huvuki. Mama alinisimulia baadaye kwamba alijaribu. Aliwaambia kwa Kiswahili, akawaambia kwa Kikamba, akawaonyesha kwa mikono ukubwa wa sanduku. Wakamletea kiti cha magurudumu, wakamsukuma mpaka kwenye mlango wa ndege ya pili huku akitazama nyuma. Nikimfikiria hapo, mama yangu akisukumwa katika jumba lile la vioo na kiondo magotini, huku mzigo wake ukizunguka upande wa pili wa ukuta, mpaka leo naacha kazi niliyoshika.

Dada alinipigia akiwa amewaka. "Si nilikuambia hiyo bag ipite direct? Sasa Mwaitu amefika na leso moja kwa hii baridi!"

"Alikataa."

"Na wewe ukakubali tu!"

Nilikata simu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia dada mkubwa.

Shirika la ndege ya kwanza lilisema kazi yake iliishia pale katikati. La pili likasema halijawahi kuona sanduku lolote. Nguo za mama zilinunuliwa upya huko huko, na mimi nikabaki naongea na kuku. Kisha nikapigiwa simu kutoka Nairobi: kuna sanduku limerudishwa, limeandikwa namba yangu kwa kalamu ya wino mzito. Nilienda kulichukua. Mpini ulikuwa umelegea na lebo zilikuwa nyingi kuliko nilivyoziacha. Watu wote pale walikuwa wakipokea watu, wakikumbatiana na kupiga picha. Mimi nilipokea sanduku, na sitaficha, nililipapasa.

Nyumbani nililiweka chumbani kwa mama, kando ya kitanda, bila kulifungua. Nilifurahi, tena furaha ya ujanja. Nilijiambia: huyu ni mtu asiyeacha mzigo wake. Mbegu ziko huku, kwa hiyo atazifuata. Kila jioni nilichungulia kuhakikisha liko, na nikajikuta nalisalimia.

Oktoba ikapita. Dada akaanza kusema magoti ya Mwaitu yanatibiwa, mtoto amemzoea, viza inaweza kuongezwa. Mama mwenyewe aliuliza habari za mbuzi tu.

Mawingu yalipojikusanya upande wa Makueni nilimpigia kwa video. Alikuwa amevaa koti kubwa, mjukuu amelala kifuani, na nyuma yake dirisha lilikuwa jeupe.

"Mwaitu, majirani wameanza kupanda."

"Sanduku bado liko hapo?"

"Liko. Sijaligusa. Linakungoja."

Alimpangusa mtoto mdomo.

"Fungua," akasema. "Kitete kiko katikati ya nguo. Panda, mwana wakwa, usingoje mvua ipite."

"Nifungue mimi?"

"Sasa ni nani mwingine?"

Hakuna maneno mengine aliyohitaji kuniambia, nami sikumuuliza atarudi lini. Nilimwambia amsalimie dada.

Asubuhi nililifungua sanduku. Nguo zilikuwa bado na harufu ya moshi wa jikoni kwetu. Nilikitoa kitete, nikazifungua leso zote mbili, na hakuna hata mbegu moja iliyokuwa imeliwa. Nikasimama mlangoni pale anaposimama yeye. Kwa mazoea viganja vyangu vilitaka kukinga, lakini kitete kilikuwa mikononi mwangu. Nikakikumbatia kwa mkono mmoja, nikakinga kwa ule mwingine, nikajimiminia.