Sarafu Juu ya Injini

Siku hizi Glenda hajazi kikombe cha baba yake, maana mzee akikinyanyua, nusu ya chai humwagikia kwenye sahani. Lakini mzee huyo akiingia bandani kwake, huegemeza viganja kwenye mashine ya kukereza vyuma, akabana pumzi, na shaba ikamtii. Humo ameunda injini ya mvuke ndogo kama birika, kila skrubu kwa mkono wake. Jumamosi Glenda alimletea mtu wa kuinunua mashine.

"Baba, basi tena. Itakukata vidole."

"Vidole vyangu hivi, umeanza lini kuvionea wivu?"

Akaiwasha injini, akatoa sarafu mfukoni. Mafundi wenzake wa chama cha waunda injini hupimana hivyo: sarafu isimame wima juu ya injini inayozunguka. Akaiweka, ikaanguka. Akarudia, ikaanguka tena. Mnunuzi akatazama viatu vyake.

"Umeona mwenyewe, baba?"

Mzee akamtia sarafu kiganjani. "Haya, isimamishe wewe."

Glenda akaisimamisha, akaondoa mkono taratibu. Sarafu ikatulia wima, gurudumu likizunguka kando yake.

"Ninayetetemeka ni mimi," mzee akasema. "Kazi yangu haitetemeki. Mpe mgeni chai, anywe, aende zake."