Uzi Ambao Mke Wangu Hakuufunga

Admin, nifichie jina, nina watoto wanaofuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na minane, naishi Mombasa, na mgongo wangu umekwishia kwenye magunia. Nilisoma chuo cha Kurani na darasa nne za shule, basi, kwa hivyo mnivumilie. Kwetu ni Kismayu, ng'ambo ya mpaka. Jambo hili nimelibeba tangu miaka ya tisini, na wiki hii limenifikia mlangoni.

Vita vilipoingia mjini kwetu nilikuwa na miezi saba ya ndoa. Mke wangu nitamwita Amina. Tulikimbia kwa miguu siku tisa, tukipita ile nyika ya mpakani ambayo wakati huo haikuwa na askari wala hakimu. Mwenye bunduki ndiye aliyekuwa serikali. Walituvua viatu, wakachukua na dumu la maji. Siku ya tisa miguu ya Amina ilivimba, akashindwa kwenda. Nikamkalisha kwenye kivuli cha lori lililoungua, nikamwambia naenda kutafuta maji.

"Usikae sana," akaniambia. "Mimi hapa naogopa."

"Sikai."

Mbele nikakuta lori la mbuzi. Dereva akasema ana nafasi ya mtu mmoja tu, wa kushika mbuzi wasikanyagane, na kwamba yeye harudi porini kumchukua mke wa mtu. Nikapanda. Nilijiambia nitapata msaada huko mbele, nirudi. Huko mbele nilipata maji, nikanywa, na sikurudi. Maisha yangu yote nimemwambia hilo mtu mmoja tu.

Nilifika Mombasa bila kipande, yaani kitambulisho. Nikapata kazi ya kushona midomo ya magunia kwenye ghala moja la mahindi, Shimanzi. Mwenzangu alikuwa Kazungu, Mgiriama wa Kaloleni. Ndiye aliyenifundisha kuishi.

"Polisi wakikuuliza, sema watoka Faza, visiwani upande huu wa mpaka," aliniambia. "Kiswahili chako na chao ni kimoja. Lakini usitetemeke hivyo. Watu wa Faza hawatetemeki."

Nikawa mtu wa Faza. Gari la polisi likipita, mtu wa Faza yuko nyuma ya mahindi.

Mahindi mengine yalikuwa yakipelekwa kwenye kambi ya wakimbizi kule kaskazini. Siku moja nikakumbuka mikeka. Wanawake wa nyumba ya kina Amina walikuwa washonaji wa mikeka, na walikuwa na namna yao ya kumaliza mshono: wanarudi nyuma mara tatu, kisha wanafunga fundo pembeni. Amina alinifundisha nikimsaidia kazi. Mkeka wa kuzikia maiti tu ndio waliouacha bila fundo, uzi ukining'inia. Basi kila gunia la kaskazini nikaanza kulimaliza vile, kwamba kama yu hai na yuko kambini, huenda likamfikia.

"We Mfaza," Kazungu alikuwa akinicheka, "gunia hili laenda kuliwa, haliendi kuolewa. Maliza tukale."

Nilishona hivyo karibu miaka miwili. Magunia matupu yalikuwa yakinunuliwa huko na kurudishwa kwetu, tunayatia viraka yajazwe tena. Asubuhi moja nikavuta gunia kwenye rundo, nikaona fundo langu lingali kwenye kona. Aliyelifungua alikata upande wa pili, hili akaliacha. Kando yake palikuwa na kiraka cha leso nyekundu yenye mabaka meupe. Ndiyo leso aliyojifunga Amina siku ile. Mshono ulirudi nyuma mara tatu. Fundo hakuna. Uzi ulikuwa unaning'inia.

Nikaketi chini. Kazungu alidhani nimeugua. Nikamweleza yote, hata la lori la mbuzi. Akakigeuza kile kiraka huku na huku.

"Amekwambia kwake wewe umekufa," akasema. Kisha akakitazama tena. "Au amekuachia uzi ukaufunge mwenyewe. Mimi sijui, ndugu yangu. Huyo ni mke wako. Nenda kamuulize."

Mara mbili nilifika mpaka kwenye mabasi, mara mbili nikarudi. Nilimwambia Kazungu ni kwa sababu sina kipande na njia ina majambazi. Ilikuwa kweli, lakini sikuogopa hayo. Niliogopa uso wake. Na lililo baya zaidi, tangu siku ile niliacha kufunga fundo lile. Nikashona kama watu wengine. Kama alikuwa akitazama magunia, aliona nimenyamaza.

Miaka imepita. Kazungu amefariki. Nilioa hapa, nikapata watoto, na wote wanajua baba yao ni mtu wa Faza. Lakini mpaka leo huyu mke wangu wa hapa akinituma dukani akaniambia "usikae sana", miguu inasita mlangoni, na naiona ile nyika, na lile lori lililoungua, na mtu ameketi kivulini. Sijui alinywa maji wapi. Sijui nani alimwinua.

Sasa binti yangu mkubwa ni muuguzi, na amepangiwa kazi kambi ile ile. Juzi alikuwa akikunja nguo zake, akaniuliza bila kunitazama:

"Baba, una jamaa kule?"

"Kwa nini waniuliza?"

"Wenzangu wasema kuna wazee kule wazungumza kama wewe. Vile vile kabisa."

Nikamwambia nitamjibu kabla hajaondoka. Anaondoka Jumatatu.

Kile kiraka nilikikata zamani nikakificha. Hivi naandika kiko mapajani, pamoja na shazia, ile sindano yangu ya magunia. Leso imefubaa, uzi ungali unaning'inia. Sijui kama Amina yu hai. Nyinyi mnaosoma haya, nishaurini kabla ya Jumatatu: niufunge uzi huu nimpe binti yangu akamtafute, na ajue baba yake ni nani? Au niuache kama Amina alivyouacha?