Samaki wa Stanleyville

Félicien, mpishi wa bwana mkubwa mmoja wa Kindu, alikuwa mtu wa kwanza mtaani kwao kupanda ndege, na hakuna aliyemwamini. Mwingine angekasirika. Yeye aliumia tu, maana alimtaka Albertine.

Babake Albertine, Papa Louis, alizeekea melini, akipima kina cha mto kwa mti mrefu kati ya Kindu na Ponthierville. Sharti lake lilikuwa moja: mchumba aende mwenyewe Stanleyville kumsalimu mjomba wa binti, arudi na samaki wa kuonyesha kwamba mjomba ameridhia. Kwa meli, kisha treni, kwenda na kurudi kulikula juma zima na ushee. Meli ikikwama mchangani, basi tena.

Siku moja bwana mkubwa akaitwa mkutanoni Stanleyville, akamchukua mpishi wake. Kwa ndege ni saa moja na nusu. Mbwa wa bwana alipewa kiti cha dirishani; Félicien aliketi nyuma na masanduku, roho mkononi. Jioni akamsalimu mjomba, akapewa samaki mbichi aliyefungwa majanini. Kesho yake mchana alikuwa mlangoni kwa Papa Louis.

Mzee akafungua majani, akanusa. Akanusa tena.

"Hii samaki haina harufu."

"Ndiyo, Papa. Tumekuja na ndege."

"Mutoto, samaki ya Stanleyville naijua. Inafika hapa inanuka! Hii umeinunua ku port leo asubuhi. Muntu anaenda jana, anarudi leo, hiyo njo safari? Nenda kweli, ao acha mutoto yangu."

Félicien akamfunga samaki tena, akatoka naye machozi yakimlengalenga. Ruhusa ya juma zima na ushee angeipata wapi? Albertine akamfuata njiani.

"Usilie. Bwana yako anaenda Kalima juma mbili bila wewe, si njo? Vuka Alunguli, ukae kwa dada yako. Samaki itafanya kazi yake."

Alunguli iko ng'ambo tu ya mto. Kutoka barazani kwa Papa Louis waziona nguo zilizoanikwa kule. Félicien akajificha huko. Dada akampaka samaki chumvi kidogo asije akaoza kabisa, kisha akamfukuza jikoni, yeye na samaki wake.

Aliporudi baada ya siku kumi, ndevu hazijanyolewa, harufu ilimtangulia mlangoni. Papa Louis akainuka, mikono wazi.

"Sasa njo umetoka Stanleyville!"

Akaita wazee wenzake, akawasimulia mwenyewe kila fungu la mchanga alilopita mkwe wake. Félicien akaitikia yote kwa kichwa.

Albertine akapika, akamwaga pilipili bila huruma. Kwa desturi yao, kipande cha kwanza ni cha msafiri. Félicien akakitia kinywani huku wazee wote wakimtazama, akatafuna, akameza.

"Tamu, Papa," akasema.