Kibodi Moja, Watu Wawili

Chuoni Embu tulifundishwa kuandika programu za kompyuta wawili wawili. Mmoja anashika kibodi, mwenzake anakaa kando, anafikiri kwa sauti na kuonyesha makosa. Mwalimu akipiga makofi, mnabadilishana. Mimi nilipewa kijana wa Meru mjini, ati kwa sababu sote ni Wameru, tunaelewana lugha. Tuelewane wapi! Darasa zima linasimama kubadilishana viti, yeye amekaa tu.

"Tulia, madam. Wewe unaandika polepole sana. Wacha nimalizie hapa."

Hiyo "hapa" haikuisha muhula mzima.

Na alikuwa anamalizia nini? Kazi yetu ilikuwa programu ya kujumlisha kilo za kahawa za kila mkulima. Yeye alidhani mkulima anavuna siku moja, basi. Mtu akipeleka mzigo wa pili kiwandani, ule wa kwanza unafutika! Mimi nimebeba kahawa kwetu Githongo tangu shule ya msingi. Nikamweleza, mstari kwa mstari, namna ya kuongeza mzigo mpya juu ya ule wa zamani. Akaandika. Mwalimu akampa hongera yeye.

Mtihani ukaja, kila mtu na mashine yake. Ukipita, unaenda kujifunza kazi ofisini. Ukianguka, unarudia mwaka. Swali, jamani, lilikuwa lile lile la kahawa. Jibu lote nilikuwa nalo kichwani, lakini vidole vilitafuta herufi moja moja utadhani kuku anadonoa. Muda uliisha nikiwa nusu, nikaanguka. Yeye aliandika maelezo yangu yote, akapita. Nililia chooni, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira.

Kisha mwalimu, bila aibu, akamwambia anisaidie kabla hajaondoka. Jamaa akaja akitabasamu, akavuta kiti, akaweka mikono kwenye kibodi.

"Ngoja nikuonyeshe."

Wacha we! Niliivuta ile kibodi mpaka waya ukachomoka.

"Utanionyesha nini, na yote uliyoandika yalitoka kwangu?"

Mwalimu akauliza mbona sikuwahi kumwambia.

"Ulikuwa unapiga makofi halafu unarudi kwa simu yako," nikamjibu.

Nikarudisha waya, nikaanza ile programu ya kahawa mwanzo kabisa, herufi moja moja. Jamaa akanyoosha mkono kunionyesha mahali pa kubonyeza. Nikamwambia kwa Kimeru aushushe.