Ujira Uliopanda Kwenye Karatasi

Kila mwezi nilizunguka mji wa Bukavu na fomu za ofisi yetu ya takwimu nikiuliza vibarua swali moja: leo umelipwa kiasi gani? Nilianzia Cimpunda kwa washonaji na wachomelea vyuma, nikamalizia Muhumba, ambako akina mama hupandisha mchanga na mawe kwenda kwenye nyumba zinazojengwa, mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unachagua mwezi wa kuanzia, ujira wa mwezi huo unauita mia, kisha miezi mingine yote unaipima kwa huo. Ukipita mia, ujira umepanda. Ukiwa chini, umeshuka. Hiyo ndiyo fahirisi ya mishahara. Anayejua kupima unga kwa kopo anaielewa, na akina mama wale niliwaeleza hivyo hivyo, maana namba zilikuwa zao.

Mwezi ule, kwenye ujenzi mmoja, kapita anayesimamia vibarua alinipokea kwa furaha.

"Andika, maman, andika! Tumebaongezea!"

Ni kweli, pesa ya siku ilikuwa imeongezeka. Nikaandika. Mama mmoja aliyekuwa akitua mawe akaniangalia.

"Maman ya makaratasi, umeandika na bugali?"

"Ugali gani?"

"Ile ya saa sita. Bameikata. Bakatupatia franga kidogo pa fasi yake, sasa banasema bametupandisha."

"Hizo faranga za badala zinanunua sahani ya ugali?"

"Zinanunua harufu yake," mwenzake akadakia. Hata kapita alicheka.

Mimi sikucheka sana. Wiki iliyofuata wenye ujenzi wa Muhumba wangekaa na wajumbe wa wabebaji, ambao walikuwa wanaomba nyongeza, na pande zote mbili zilikubali kutazama fahirisi yetu. Ikionyesha kupanda, jibu lilikuwa tayari: mmeshaongezwa.

Ofisini nilimweleza mkuu wangu, mtu aliyenifundisha kazi hii.

"Fomu ina safu ya pesa tu," alisema. "Tia saini."

"Papa chef, juzi nilikupa kuku na yai. Leo nakupa mayai mawili, kuku nimemchukua. Utarudi nyumbani useme umeongezewa?"

"Unataka kutuharibia kazi ya miezi yote."

"Tumeshaiharibu sisi wenyewe. Hatukuwahi kuuliza wanakula nini."

"Nitatafuta mwingine asaini."

"Tafuta, papa. Ila mtume kwanza Muhumba saa sita mchana, akaone sufuria ziko wapi."

Sikusaini. Siku mbili nilirudi kwa miguu kwenye kila ujenzi, nikauliza nani alikuwa anapewa chakula na lini kilikatwa, kisha nikauliza bei ya sahani kwa wauzaji wa kando ya barabara. Nilipojumlisha bei ya sahani kwenye ujira wa zamani, na ujira mpya nikauacha bila sahani, Muhumba ilianguka chini ya mia. Niliiweka hesabu mezani kwa mkuu. Aliisoma mara mbili, akanuna, akaibandika chini ya jedwali lake kama maelezo, kwa herufi ndogo.

Kwenye kikao mwenye ujenzi mmoja aliisoma hata hivyo. "Chakula si mshahara," alisema. "Kilikuwa zawadi. Hakihesabiwi."

Mama wa mawe, ambaye sasa alikuwa mjumbe, alisimama.

"Patron, kama haiko kitu, muirudishe basi. Kitu ya bure haiumizi mutu kuirudisha."

"Ni gharama, maman."

"Ah! Kwenu iko gharama, kwetu iko zawadi?"

Siku hiyo walikubaliana sahani irudi, na ile nyongeza ndogo ibaki. Katika baadhi ya ujenzi ilirudi. Kwingine hadi leo wanazungushwa, na akina mama hawajaacha kudai.

Ofisi haijachapisha fomu mpya. Mkuu anasema karatasi za zamani bado ni nyingi. Sawa. Asubuhi ya kwanza ya kila mwezi nachukua rula na kalamu nyekundu, na kwenye kila fomu, kabla haijatoka mlangoni, nachora safu moja zaidi kando ya ile ya pesa.